Wa Lugalo Watahesabiwa Wapi?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikishamaliza kona za Kitonga na kuyapita matenga ya nyanya ya Ilula, hufika Lugalo, bado ikiwa ndani ya Wilaya ya Kilolo. Pale Wajerumani waliacha mnara wa kuwakumbuka watu wao waliouawa tarehe 17 Agosti 1891, siku wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipoirukia safu ya Emil von Zelewski, kamanda aliyebandikwa jina la Nyundo. Zelewski alikufa, na wengi wa Wazungu wenzake, na askari weusi zaidi ya mia mbili. Wahehe nao walizika watu wao. Ni wangapi, kila msimuliaji ana hesabu yake. Mwezi Desemba mabasi ya Krismasi hupita hapo yamejaa hadi kwenye korido, na sidhani kama abiria wengi hugeuza shingo.

Mimi hugeuza, kwa sababu waliolala pale ni wa dini tatu. Wajerumani walikuwa watu wa nchi iliyobatiza watoto wake. Askari wengi walikuwa Wasudani, Waislamu. Wengine waliandikishwa huko Msumbiji na kuitwa Wazulu. Wahehe walimjua Nguluvi, Mungu waliyerithishwa na wazee wao, na habari za mtoto wa Bethlehemu hazikuwa zimewafikia. Tarehe yenyewe inachoma. Mwaka huohuo wa 1891 Wamoravian wakiwa na Theodor Meyer walikuwa wakifungua misheni Rungwe, na wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky walikuwa wakijenga Unyakyusa. Injili ilikwisha kuingia katika nyanda hizi, ila haikuwa imefika Uhehe. Wabenediktini walipokuja kuanza Tosamaganga miaka michache baadaye, wa Lugalo walikuwa wamekuwa udongo.

Sasa kila mkesha tunasomewa sura ya pili ya Luka, malaika akiwaeleza wachungaji kwamba furaha aliyoileta ni ya watu wote. Wote hao ni pamoja na wa Lugalo?

Sauti zinazofuata nimezipanga mwenyewe na hazina majina, ingawa mtu wa Kilolo atazijua, maana ubishi wa namna hii huzuka watu wa mjini wakisharudi na ulanzi wa mvua za kwanza ukianza kutoka. Ni jioni ya tarehe 24, jikoni kwa Bibi, moto wa mabanzi unawaka na ukungu umeshashuka mpaka mlangoni. Yupo Bibi mwenyewe, aliyezaliwa katika nyumba ya Walutheri upande wa Pommern akaolewa na Mkatoliki. Yupo Mwalimu mstaafu wa historia. Yupo Katekista wa kigango, na Mwinjilisti wa mtaa wa KKKT ambaye amepita kusalimia akaambiwa akae anywe chai. Yupo Mkwe wa Bibi, Mwislamu, amekaa karibu na mlango kwa heshima ya ukwe. Yeye ndiye atakayechinja mbuzi kesho ili ndugu wote wale chungu kimoja. Na yupo Mjukuu, dereva wa bodaboda huko Mbagala, aliyefika jana.

MWALIMU: Mwinjilisti, kamwene. Nikuulize kabla chai haijachemka. Babu wa babu yangu alikufa Lugalo. Jina la Yesu hakulisikia hata siku moja. Yuko wapi?

MWINJILISTI: Kamwene, Mwalimu. Unaanza na zito. Aliko mtu mimi sikujui. Nilichotumwa kusema nakijua: hakuna jina jingine walilopewa wanadamu la kuwaokoa. Petro aliwaambia hivyo wakuu wa Wayahudi, Matendo sura ya nne, nami si mkubwa kuliko Petro.

MWALIMU: Kwa hiyo amepotea.

MWINJILISTI: Sijasema amepotea. Nimesema njia nyingine siijui.

KATEKISTA: Jina ni hilohilo moja, Mwinjilisti, hapo hatugombani. Lakini mwenye jina anaweza kumfikia mtu ambaye sisi hatukumfikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema mwezi Novemba 1964, katika hati ya Lumen Gentium, namba 16: asiyeijua Injili bila kosa lake mwenyewe, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuitii dhamiri yake, anaweza kuupata wokovu. Na Kardinali Rugambwa wetu alikuwa mmoja wa mababa wa mtaguso ule, isije ikasemwa ni maneno ya Wazungu peke yao.

MWALIMU: Sawa, 1964. Na kabla ya hapo? Mtaguso wa Florence, mwaka 1442, uliwahukumu moto wa milele wote wanaofia nje ya Kanisa, wapagani na Wayahudi, hata Wakristo waliofarakana na Roma. Mwinjilisti huyu angekuwa wa kwanza kuungua.

MWINJILISTI: Ndiyo maana huwa naleta maji yangu.

Walicheka, hata Mkwe. Lakini hoja ya Mwalimu haikuwa mzaha. Kanisa lilikuwa na maneno makali kuhusu walio nje tangu Mtakatifu Sipriano wa Karthago katika karne ya tatu, na kwa kiasi fulani makali hayo yalitokana na dunia ndogo: watu wa Ulaya ya kale walidhani Injili imeshafika kila mahali, hivyo asiyeamini ni mkaidi. Meli zilipovuka bahari na kukuta mataifa mazima ambayo hayakuwahi kukataa chochote kwa sababu hayakuwahi kuulizwa chochote, wanateolojia walilazimika kufikiri upya. Kazi hiyo ilichukua karne nyingi. Wa Lugalo walikufa ikiwa katikati.

MWINJILISTI: Naomba nisikilizwe vizuri, maana mnaniona kama mlinzi wa lango la jehanamu. Mimi napanda milima hii kwa miguu. Mvua zikianza, kuna vitongoji ambavyo hata pikipiki ya huyu kijana haifiki. Naenda kwa nini? Paulo anauliza katika Warumi kumi, watu watamwaminije wasiyemsikia, na watasikiaje pasipo mhubiri? Mkiniambia kila mtu anaokoka kwa dhamiri yake, mimi niuze Biblia yangu nilime viazi. Wale wa Berlin walitoka kwao wakaja kufa kwa homa hapa, walikuja kufanya nini? Na walipokamatwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza, makanisa hayakufa kwa sababu walimu na wazee wetu, weusi, waliendelea kufundisha bila mshahara. Walifanya hivyo kwa kuwa waliamini kuna jambo lililotegemea wao kusema. Tumaini lisilomdai mtu kitu halina nguvu ya kumtoa kitandani.

Hapa Mwinjilisti amenishinda nusu. Ni rahisi sana kwa msomi aliyeshiba kutangaza kwamba mbingu ni pana. Aliyeiona nguvu ya ujumbe ikimtoa mtu katika ulevi, ikamrudisha kwa mkewe na shamba lake, ana haki ya kukereka akiambiwa ujumbe wenyewe ni nyongeza tu. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki ulijengwa na watu wa aina hii, na swali lao la kama mtu ameokoka limebaki vinywani mwetu hadi leo. Ila nusu ile nyingine Mwinjilisti hajaipata, na Katekista aliiona.

KATEKISTA: Mbona umewasahau Mamajusi? Mathayo sura ya pili. Hawakuwa Wayahudi, hawakuwa na Torati, walisoma nyota, kazi ambayo leo wewe ungewaombea waiache. Na nyota hiyohiyo ikawaleta kwa Bwana.

MWINJILISTI: Haikuwaleta kwa Bwana, Katekista. Soma tena. Iliwaleta Yerusalemu, wakaanza kuulizauliza. Waliotaja Bethlehemu ni makuhani na waandishi, kwa kumsoma nabii Mika. Nyota bila Maandiko ingewaacha mlangoni kwa Herode.

KATEKISTA: Na hao wenye Maandiko, walikwenda Bethlehemu?

MWINJILISTI: ...

KATEKISTA: Walitaja mji, wakabaki wamekaa. Waliofika ni wageni.

MWALIMU: Hapo amekupata. Nami niongeze la kwenu, si la Roma. Martin Luther mwenyewe aliulizwa swali langu. Mwaka 1522 alimwandikia Hans von Rechenberg barua juu ya watu wanaokufa bila imani. Alisema kwamba Mungu anaweza kumpa mtu imani wakati wa kufa au hata baada ya kufa, na hakuna wa kulitilia shaka hilo. Ila kwamba anafanya hivyo, haliwezi kuthibitishwa.

MWINJILISTI: Hilo la pili ndilo ninalolishika.

MWALIMU: Shika yote mawili. Luther alikuachia mlango, wewe umeweka na komeo.

BIBI: Mkwe wangu amenyamaza sana. Baba, na nyinyi mnasemaje juu ya watu wa zamani?

MKWE: Mama, mimi ni mgeni katika mazungumzo haya.

BIBI: Mbuzi utamchinja wewe, ugeni gani tena?

MKWE: Basi nitasema kidogo. Kwetu ubishi huu upo, una miaka zaidi ya elfu. Kuna watu tunaowaita ahlul-fatra, walioishi kati ya mtume na mtume, ujumbe haukuwafikia. Qurani, sura ya 17, inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu watu mpaka awe amewapelekea mjumbe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi. Alisema yupo asiyesikia kabisa, na yupo aliyesikia habari zilizopotoshwa, na huyo wa pili naye ana udhuru. Alikuwa akiwafikiria Wakristo wa Rumi na Waturuki wa mbali. Mimi nikilisoma hilo huwafikiria wale Wasudani wa Lugalo. Wahehe waliwaonaje Waislamu? Waliwaona wakiwa na bunduki ya Mjerumani mkononi. Na Ukristo waliuonaje? Uliwajia umepanda punda, unaitwa Nyundo. Kama huko ni kusikia, basi walisikia.

Kimya kidogo. Bibi aliongeza ubanzi motoni.

Nadhani hili la Mkwe ndilo neno zito kuliko yote ya jioni ile. Tunapouliza iwapo babu zetu waliikataa Injili, tunasahau kuuliza ililetwa na uso wa nani. Mkwawa hakuwahi kukaa na padri mkweli mezani akakataa. Alijua Kalenga yake ilivunjwa kwa mizinga mwaka 1894, na tarehe 19 Julai 1898 alijiua kwa risasi kuliko kukamatwa. Leo ukoo wake una Waislamu wengi, akiwemo marehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Ukoo haukuichukua dini ya Mjerumani, na sioni mtu wa kuushangaa.

BIBI: Mimi hao wa Lugalo sikuwaona. Nina wangu niliyemwona. Mtoto wangu wa pili alifariki siku ya tatu, hajabatizwa, maana padri alikuwa anapita kigangoni mara moja kwa mwezi. Waliniambia hawezi kwenda mbinguni wala motoni, yuko mahali pa katikati. Tukamzika nyuma ya mianzi, hapohapo nyuma. Nimekaa na hiyo katikati miaka hamsini. Katekista, bado ipo?

KATEKISTA: Bibi, haipo. Yaani, haikuwahi kuwa fundisho la imani, ilikuwa maoni ya wanateolojia. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa ruhusa ya Papa Benedikto wa kumi na sita, ilitoa hati juu ya watoto wanaokufa bila ubatizo. Ilisema tuna sababu nzito za kutumaini kwamba wanaokolewa.

BIBI: Kutumaini. Hawakusema wanajua?

KATEKISTA: Hawakusema wanajua. Walisema hivyohivyo, kwamba ni sababu za tumaini, haujawa ujuzi wa uhakika.

BIBI: Sawa. Mimi nilishatumaini kabla yao.

MWINJILISTI: Bibi, na mimi natumaini. Kwa mtoto sina neno.

MWALIMU: Lakini kwa babu yangu unalo.

MWINJILISTI: Mtoto hakuua mtu.

MWALIMU: Wala babu yangu hakutoka kwenda kuua mtu Ujerumani.

MJUKUU: Wazee, shikamooni tena. Naomba kusema kitu, kisha nitakwenda kuangalia pikipiki isinyeshewe. Nyinyi mnajadili watu wa 1891. Mwaka huu mwezi wa sita tumemzika mwenzangu wa kijiweni. Amekufa kwa ajali, ana miaka 24, amebatizwa, amepata kipaimara, vyote. Kanisa lake likakataa kumzika. Hakuwa anasali jumuiya, na kwenye daftari hana bahasha hata moja ya mwaka huu. Mama yake akaambiwa alipe kwanza. Tukaimba wenyewe, tukafukia wenyewe. Sasa mnaniambia mbingu inaweza kumpokea Mhehe ambaye hajawahi kusikia, halafu aliyebatizwa anakosa kuzikwa kwa sababu ya bahasha?

MWINJILISTI: Kijana, hilo lina upande wake wa pili. Mtu miaka kumi halitaki kanisa, analitukana, akifa ndugu wanakuja mbio wanataka kengele na mchungaji. Waliojenga ile kengele ni wajane waliotoa mahindi debe kwa debe. Pasipo utaratibu, usharika unageuka ofisi ya mazishi.

MJUKUU: Huyu hakutukana mtu. Alikuwa anaamka saa kumi usiku kutafuta hesabu ya bosi. Jumuiya ni saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo saa ya abiria.

BIBI: Kabla hajafa, kuna aliyemtembelea akamuuliza mbona haonekani?

Mwinjilisti hakulijibu hilo, na si yeye aliyepaswa kulijibu, kwa kuwa kanisa lililotajwa halikuwa lake. Lakini kila aliyewahi kuishi Tanzania anaijua desturi hii. Ipo kwa Wakatoliki, ipo kwa Walutheri, ipo hata katika makanisa yaliyoanza juzi, na hutetewa kwa hoja zilezile za Mwinjilisti, ambazo si hoja za kijinga. Kinachonishangaza ni kwamba, kwa upande wa Wakatoliki walau, sheria yenyewe haisemi hivyo.

KATEKISTA: Niwe mkweli. Tulifundishwa Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 kwenye semina. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi, wafarakanishi, waliochagua kuchomwa maiti kwa kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungekwaza waamini. Na hata hao, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na shaka, aulizwe askofu. Bahasha haimo. Tena kanuni inayotangulia, ya 1183, inamruhusu askofu kukubali mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla.

BIBI: Ya 1983. Wangu alikufa kabla ya hapo.

KATEKISTA: Ndiyo, Bibi.

MWALIMU: Sisi watu wa huku tulipaswa kuwa wa mwisho kumnyima mtu kaburi. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles, 1919, kifungu cha 246, mataifa yaliyoshinda vita yalikaa yakaandika kwamba Ujerumani irudishe fuvu la mtawala mmoja wa Afrika. Halikurudi mpaka 1954, Gavana Twining alipolileta Kalenga. Miaka 56 mtu kazikwa nusu. Wahehe walilidai muda wote huo, na hapakuwa na aliyeuliza kama Mtwa alikuwa amelipa ada. Tulijua kwamba kumzika mtu ni kukiri kwamba ni wetu.

MJUKUU: Na huko mjini, Mwalimu, tumaini lenyewe linauzwa. Maji chupa bei hii, mafuta bei ile. Mwaka 2020, tarehe mosi Februari, Moshi, watu ishirini walikufa wakikanyagana uwanjani wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta nini? Walitafuta hilohilo mnalobishania. Nami kila nikirudi kijijini naulizwa nimeokoka au bado. Hapana anayeuliza kama nina bima.

MWINJILISTI: Nitakuuliza kesho, baada ya ibada. Yote mawili.

Mjukuu alitoka kuifunika pikipiki. Aliporudi walikuwa wamehamia habari za mjukuu mwingine, yule msichana anayefanya kazi za ndani kwa watu huko Mikocheni, ambaye tajiri wake hakumpa ruhusa kwa sababu Krismasi ndiyo siku ya wageni. Nyumba nyingi za Kilolo zina pengo la namna hii mwezi Desemba. Mabinti wa milima hii wamelea watoto wa nusu ya Dar es Salaam (natia chumvi, lakini si nyingi), na sikukuu ya mtoto aliyezaliwa zizini huwakuta jikoni kwa wengine wakikaanga vya watu. Bibi alisema ameongea naye kwa simu, analia. Mkwe akasema atamtumia nauli, apande basi tarehe 27 akiruhusiwa. Hakuna aliyeliingiza hilo katika mjadala, nami sitaliingiza kwa nguvu. Nataja tu kwamba lilisemwa.

Maoni yangu sitayaficha. Nasimama na Katekista katika fundisho, na Mwinjilisti katika bidii. Kumtumainia Mungu kwa ajili ya watu wote hakumaanishi kudai kwamba tumeyaona majina katika kitabu chake. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Walutheri wa Kilolo wanalishika, lilikataa katika kifungu cha 17 wale waliofundisha kwa uhakika kwamba adhabu ya waovu itakoma, na Kanisa Katoliki pia halijawahi kutangaza kwamba kuzimu ni tupu. Hans Urs von Balthasar, padri wa Uswisi aliyeandika mwaka 1986 juu ya kuthubutu kutumaini wokovu wa wote, alishutumiwa sana, naye akawajibu kwamba hajui, anatumaini, na kwamba Mkristo anaamriwa kumtakia mema kila mtu bila kumwondoa hata mmoja. Hapa kwetu padri Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania, alimwita Kristo mhenga wetu katika kitabu chake cha mwaka 1984. Nikimfuata, naona njia ya kufikiri ambayo babu wa Lugalo angeielewa bila mkalimani: aliyetutangulia, aliyekufa, anayewashika walio hai na wafu katika ukoo mmoja. Imani yenyewe tunayoikiri pamoja, Walutheri na Wakatoliki, inasema alishuka hadi walipo wafu kabla ya kufufuka. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, unaongeza kwamba huko alihubiri. Aliwahubiria akina nani, kama si watu ambao mhubiri wa duniani hakuwafikia?

MWINJILISTI: Petro anasema ni wale wa siku za Nuhu.

Amenisikia. Ndiyo, ni wale wa siku za Nuhu, tena anasema walikuwa hawakutii. Kama waliokataa walihubiriwa, sembuse wasioulizwa.

MWINJILISTI: Hiyo ni hoja nzuri. Si andiko.

Nakubali kwamba si andiko.

Saa ya misa ya mkesha ilikaribia. Katekista alitoa daftari la nia za misa, kwa kuwa padri atafika mwenyewe safari hii na watu wengi huomba marehemu wao watajwe.

BIBI: Niandikie. Mume wangu. Wazazi wangu, ingawa walikuwa Walutheri.

MWINJILISTI: Sisi wafu hatuwaombei, Bibi, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao.

BIBI: Basi wewe shukuru, mimi nitaomba, hawatapungukiwa. Na mtoto wangu.

KATEKISTA: Jina?

BIBI: Hakupewa. Andika mtoto wa Bibi. Na babu yake huyu Mwalimu, wa Lugalo.

MWALIMU: Na wenzake wote, Katekista. Na wale Wasudani. Mkwe, tuna ruhusa?

MKWE: Dua haikataliwi, Mwalimu. Mimi nitawasomea Fatiha yangu.

MJUKUU: Na rafiki yangu.

KATEKISTA: Nimemwandika. Na Zelewski?

MWALIMU: Nyundo? Huyo alikuja kutuua.

MJUKUU: Si mmesema wote?

Waligeuka kumtazama Bibi, kama inavyokuwa katika nyumba hiyo jambo likishindikana.

BIBI: Mwandike. Ila mweke mwisho kabisa.

Mwinjilisti ndiye aliyecheka kwanza, akiwa bado ameshika kikombe. Anaikumbuka Mathayo ishirini.